Nguzo tano zisizo na wafu wake: jibu kwa fundi wa kuchonga wa Malindi

Msomaji mmoja, fundi wa kuchonga aliyejifunzia kazi Lamu na ambaye sasa ana karakana yake Malindi, ameniandikia swali lifuatalo, nami nalifupisha kidogo tu.

«Salamu alaikum mwalimu, na shikamoo. Nimepata mteja mwenye nyumba ya wageni ufuoni. Anataka nimchongee nguzo tano za bustani, anasema ziwe na roho, mfano wa vigango vya Wagiriama, ila za kisasa. Jirani yangu Mgiriama alipoiona michoro yangu alinyamaza, kisha akaondoka bila kuaga. Ustadhi aliyenisomesha chuoni husema kuchonga sanamu ni haramu. Vijana wenzangu waliosomea sanaa Nairobi nao wananiambia kwamba sanaa ya kisasa ndiyo dini ya watu waliotoka katika dini. Mimi ni mjukuu wa fundi wa milango. Babu yangu aliyenishikisha patasi amefariki, na vifaa vyake ninavyo. Nauliza: sanamu inayochongwa leo inaweza kuwa na maana ya dini iliyo ya kweli? Ikiwa inaweza, maana hiyo hutoka wapi: kwenye mti, kwenye mkono wa fundi, au kwenye jicho la anayetazama?»

Wa alaikumu salamu, na marahaba, mwanangu. Nitaanza na ukimya wa jirani yako, kwa sababu katika sauti zote ulizozitaja, ukimya huo ndio uliosema mengi zaidi.

Kigango unakijua kwa kukiona: ni nguzo ya mti iliyochongwa bapa, yenye kichwa cha mviringo kama sahani, au wakati mwingine kilichotokeza kama kichwa cha mtu, na kiwiliwili kilichokatwa pembetatu zinazofuatana kutoka shingoni kwenda chini. Vingine ni vya kimo cha mtoto, na vingine humpita mtu mzima. Mti unaopendwa ni muhuhu, kwa kuwa ni mgumu na mchwa hawauwezi upesi. Umbo hilo fundi mwenye tezo kali na mkono kama wako anaweza kulikamilisha kwa siku chache. Lakini umbo ni sehemu ndogo sana ya kigango. Kigango husimamishwa kwa ajili ya mzee aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima na uwezo miongoni mwa Wagiriama na baadhi ya jamaa zao wa Kimijikenda, na hakisimamishwi kwa sababu watoto wameona vema kumpamba baba yao. Mara nyingi marehemu mwenyewe ndiye anayekidai. Humjia mmoja wa jamaa ndotoni, au maradhi na mikosi huandama boma, na mganga anapoulizwa hujibu kwamba koma, yaani roho ya mzee, inalalamika kuwa imesahauliwa. Hapo ndipo ukoo hukusanya mali, hualika wazee wa Gohu, hutafuta fundi, huchinja, humwaga tembo la mnazi, na kukivika kigango vitambaa vyake. Kwa hiyo kigango ni deni lililolipwa. Anayekitazama bila kulijua deni hilo huona mti mzuri, naye hakosei, kwa maana mti wenyewe ni mzuri kweli. Ila anakuwa kama mtu aliyeishika hati ya nyumba akaisifia karatasi.

Kuna jambo la pili kuhusu kigango ambalo wanunuzi wa mbali hawakulielewa kabisa. Kikisimamishwa hakihamishwi. Ukoo ukiondoka kwenda kulima kwingine, kigango hubaki pale pale, na huko wanakohamia hutengenezwa kibao kidogo ili wazee wapate kufuatana na watu wao. Kile cha kwanza huachiwa jua na mvua, kinapauka, kinapasuka, na hatimaye kinaurudia udongo. Mtu wa makumbusho hukiona kigango kilichooza akasikitika kwamba sanaa imepotea. Mimi pia, nilipokuwa kijana na nikidhani kuhifadhi ndiyo heshima pekee, nilisikitika hivyo hivyo. Leo naona kwamba kuoza kwake ni sehemu ya kazi yake: mzee aliyesimamishiwa nguzo ile anakwenda taratibu, vizazi kwa vizazi, mpaka anakuwa ardhi ambayo wajukuu zake wanailima.

Sasa fikiria yaliyotokea. Kuanzia miaka ya 1970 vigango viling'olewa kwa wingi katika vijiji vya nyuma ya Malindi na Kilifi, vikauzwa kwa wafanyabiashara, vikafika kwenye nyumba za matajiri na makumbusho ya Marekani. Mwaka 1985 Monica Udvardy, mtafiti wa mila na jamii, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vigango hivyo viliibwa. Ilichukua miaka mingi hadi vilipotambuliwa kwa kulinganishwa na picha ile ile: kimoja kilikuwa katika makumbusho ya jimbo la Illinois, na kingine katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vilirudishwa, na mwaka 2007 ukoo ukavipokea. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver nayo iliamua kurudisha vigango 30, ambavyo ilikuwa imevipata kama zawadi kutoka kwa watu wa sinema wa Hollywood. Ninakueleza haya kwa urefu kwa sababu ndani yake mna jibu la nusu ya swali lako. Je, kigango kilipokuwa kimesimama kwenye chumba chenye taa na kiyoyozi, umbali wa bahari mbili kutoka kaburini, kilikuwa bado kitakatifu? Kwa mgeni aliyekipita akiwa na tiketi mkononi, hapana, kilikuwa umbo. Kwa wenyewe huku nyumbani kilikuwa kitakatifu kila siku, na ndiyo sababu kuondoka kwake kulikuwa msiba, na maradhi yaliyofuata bomani yalihesabiwa kuwa yametokana na wizi huo. Ule mti ulikuwa mmoja, na mkono uliouchonga ulikuwa mmoja. Kilichokatika ni kile kilichokuwa kati ya nguzo, mahali, marehemu na wanaomdai na kudaiwa naye. Sisi Waislamu tunalo neno ambalo kwangu linakaribia sana maana hiyo: amana. Kitu kinakuwa na uzito wa dini pale kinapobeba amana ambayo kuna mtu ataulizwa habari zake.

Jirani yako, basi, alipotazama michoro yako aliona nguzo tano zisizo na wafu wake. Kwake huo haukuwa urembo wa bustani. Huenda alijiuliza ni baba wa nani waliosimamishwa pale kando ya bwawa la kuogelea, na nani atawamwagia tembo.

Nataka sasa ushuke hadi ufukweni, kwa sababu mji wako wa Malindi una somo la nguzo ambalo wasomi wengi wa sanaa wangelipanda ndege kulifuata. Kando ya Msikiti wa Juma yapo makaburi ya nguzo, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa, na lile refu zaidi limesimama hapo kwa zaidi ya miaka 500. Ukienda Mambrui, mwendo mfupi upande wa kaskazini, utakuta kaburi jingine la nguzo lililopambwa kwa bakuli za kauri za Kichina zilizopachikwa ndani ya lipu. Wanavyuoni wengi hawapendi kaburi liinuliwe kupita kiasi, na hilo wazee wetu walilijua; hata hivyo pwani yote, kuanzia visiwa vya kaskazini mpaka Kilwa na kupita, walijenga nguzo hizi kwa watu wao wakubwa. Hakuna uso uliochongwa juu yake, wala mkono, wala jicho. Kuna kusimama tu. Mimi nikizitazama jua likiwa linakuchwa, huwa nasoma alif, herufi ya kwanza, mstari mmoja ulionyooka ambao jina la Mwenyezi Mungu huanza nao. Huo ni usomaji wangu, na sidai kwamba waashi wake walinuia hivyo. Lakini nguzo inaniruhusu kusoma, na hilo ni jambo kubwa kwa kazi ya mkono.

Endelea kusini hadi kwenye rasi, utaufikia msalaba wa Vasco da Gama, aliyetia nanga Malindi mwaka 1498. Msalaba wenyewe ni wa jiwe la chokaa lililochongwa Ureno, lenye nembo ya mfalme wao, na mnara wa matumbawe unaoubeba ulijengwa baadaye. Hapo kwanza ulisimamishwa mjini, Waislamu wa mji hawakuridhika nao, ukaondolewa, kisha ukaja kuwekwa pale ulipo. Ukiniuliza mimi, katika nguzo hizi zote, huu ndio wenye alama ya dini iliyo wazi kuliko zote na ndio ulio mtupu kuliko zote kwa upande wa roho. Simaanishi kuudharau msalaba wa Wakristo, ambao kwao ni jambo zito kuliko uhai. Nasema kwamba jiwe lile liliwekwa ili kuonyesha kwamba mfalme fulani amefika, na leo watu hupiga picha, hulipa kiingilio, huondoka. Hatua chache kuelekea mjini kuna kanisa dogo la Wareno, lenye paa la makuti na makaburi uwanjani, na pale, ingawa hakuna mchongo wowote wa maana, mtu hushusha sauti bila kuambiwa. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba kazi inakuwa ya dini kwa kuchongwa msalaba, mwezi na nyota, au pembetatu za kigango.

Nije kwa ustadhi wako, ambaye nakuomba usimbishie kwa haraka. Hata lugha yetu iko upande wake: neno sanamu tumelitoa kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya kitu kinachoabudiwa, na kila tunapolitamka tunabeba kumbukumbu ya Nabii Ibrahimu akivunja masanamu ya watu wake. Hadithi zinazoonya wachoraji zipo, na ni sahihi: siku ya kiyama wataambiwa wazipulizie roho sura walizozifanya, nao hawataweza. Lakini kuna simulizi katika mkusanyo wa Bukhari ambayo naiona kama imeandikwa kwa ajili ya fundi kama wewe. Mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, akamwambia kwamba riziki yake inatokana na kazi ya mikono yake, na kazi yenyewe ni kutengeneza picha. Ibn Abbas alimsimulia onyo lile, na yule mtu akabadilika uso kwa hofu. Ndipo akaambiwa kwamba, ikiwa hana budi, basi afanye miti, na kila kitu kisicho na roho. Hakuambiwa aache vifaa vyake akafe njaa. Alionyeshwa njia, na njia hiyo ndiyo waliyoipita mafundi wa Lamu kwa karne nyingi, wakafika mbali sana.

Babu yako aliipita. Mlango wa Lamu una miimo yake, una kizingiti kilichochongwa maua na mikufu, na katikati, pale mbao mbili zinapokutana, una mfaa, ile nguzo inayozipokea zote mbili zinapofungwa. Ndani ya nyumba kuna zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu kwa safu, zilizochongwa kwenye lipu mpaka ukuta mzima unaonekana unapumua. Hakuna kiumbe hata kimoja ndani ya kazi hiyo, na bado mtu akiingia hunyoosha kanzu yake. Na kazi ninayoipenda kuliko zote ni siwa, lile baragumu kubwa la sherehe. Ile ya Pate, ya pembe, ina urefu unaozidi mita 2, na ile ya Lamu ni ya shaba. Itazame kwa jicho la mchongaji: ni sanamu kubwa, iliyonakshiwa kwa subira ya ajabu, na ndani ni tupu. Utupu huo ndio uliokusudiwa. Siwa ilipulizwa harusini na kwenye sherehe za mji, na bila pumzi ya mwanadamu ilikaa kimya. Yule mchoraji wa hadithi ataambiwa apulizie roho sura yake naye ashindwe. Fundi wa siwa hakujifanya kuwa na roho ya kutoa, alitengeneza mahali ambapo pumzi aliyoitoa Mungu inapita na kuwa sauti. Nikitafuta sanaa ya dini katika pwani hii, sijaona mfano unaoushinda huo.

Sasa vijana wa Nairobi. Wanayosema yana ukweli ndani yake, ila wameyapokea yakiwa yamerahisishwa. Huko Ulaya na Marekani, katika karne ya 20, wasanii wengi waliokuwa hawachori tena kwa amri ya kanisa waliendelea kutafuta kile kile kilichokuwa kikitafutwa kanisani. Pale Houston, Marekani, kuna chumba kilichofunguliwa mwaka 1971 chenye picha 14 kubwa za mchoraji Mark Rothko, nyeusi na za zambarau iliyokolea, zisizo na sura wala alama yoyote, na watu wa dini zote huingia wakakaa kimya. Lakini angalia: picha zile zina chumba chao, zina viti, zina mwanga uliopimwa, na zina mlango ambao mtu huamua kuuingia. Ukiichukua moja ukaitundika kwenye ukumbi wa hoteli, itakuwa ukuta mweusi.

Mfano unaokufaa zaidi ni wa Constantin Brâncuși, kwa kuwa alikuwa mchonga mti kama wewe, na kwa kuwa kazi yake kubwa ni nguzo. Alizaliwa kijijini Romania, mahali ambapo nguzo za baraza na za makaburi huchongwa kwa tezo, zikakatwa pembe zinazojirudia. Alihamia Paris mwaka 1904, akajulikana duniani kwa kupunguza umbo hadi libaki lile tu ambalo haliwezi kupunguzwa tena. Mwaka 1938 alirudi kwao na kuukamilishia mji wa Târgu Jiu nguzo ya chuma inayozidi mita 29, yenye vipande vya umbo moja vilivyopandana, kimoja kikianzia pale kingine kinapoishia, bila kichwa wala kitako, kana kwamba imekatwa kutoka katika nguzo isiyo na mwisho. Walioiagiza walikuwa chama cha wanawake wa eneo lile, kwa ajili ya wanaume wao waliokufa vitani wakiutetea mji katika vita vikuu vya kwanza. Upande wa pili wa mji, karibu na mto, aliweka meza ya mawe yenye viti vya duara, na jina lake ni Meza ya Kimya. Nikiweka picha ya nguzo ile karibu na picha ya kigango, mikato yake inafanana kiasi cha kunifanya ninyamaze. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Ila Mgiriama na Mromania wote walijua kwamba mtu aliyekwisha kulala anahitaji kitu cha kusimama badala yake, na wote walifika kwenye pembe zinazorudiana, moja kwa kila pumzi, ukipenda kuzihesabu hivyo. Nguzo ya Brâncuși ni ya kisasa kabisa, na ina maana ya roho, kwa sababu wafu wake wanajulikana na wajane wao ndio waliomwita.

Wapo pia wasanii wa leo waliotoka katika dini yetu na hawakuiacha, na hao nakusihi uwatafute. Ahmed Mater wa Saudia, ambaye pia ni daktari, aliweka mchemraba mweusi wa sumaku katikati ya karatasi na kuuzungushia vumbi la chuma. Sumaku ikalivuta vumbi likasimama duara kwa duara, na kila Mwislamu akiitazama anaona tawafu, mahujaji wakiizunguka Kaaba. Hakuna kiumbe aliyechorwa, na nguvu inayovuta haionekani. Parviz Tanavoli wa Iran amelichonga kwa miongo mingi neno moja la Kiajemi lenye maana ya hakuna, kwa shaba na kwa vitu vingine, likikaa kitini, likijikunja, likisimama kama mtu, na wanaozijua tungo za masufi wanaelewa kwamba hakuna hiyo ni mlango.

Anayenigusa zaidi ni Ibrahim El-Salahi wa Sudan, aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930. Baba yake alisomesha Kurani, naye alijifunza kuandika kwenye ubao wa chuoni, kama sisi. Alisoma sanaa London, akarudi nyumbani, akaonyesha kazi zake Khartoum, na watu wake hawakuzijali. Hakuwalaumu. Alizunguka akaangalia watu hao wanaweka nini majumbani mwao, akaona maandishi ya Kiarabu na nakshi za vyombo na mikeka, na kutoka humo akaanza upya. Mwaka 1975 alifungwa jela miezi sita bila kosa, na humo, kwa siri, alichora kwenye vipande vidogo vya karatasi alivyovizika mchangani. Baadaye aliushika mti wa haraza, unaoota kando ya Nile, ambao mvua ikinyesha hupukutisha majani na ukame ukija huwa kijani, akauchora miaka na miaka, na uzeeni mwake akaugeuza sanamu. Mti, kitu kisicho na roho kama alivyoelekeza Ibn Abbas, na bado unazungumzia subira ya waumini kuliko picha nyingi za watakatifu nilizowahi kuziona.

Kinachowaunganisha hawa ni kwamba kila mmoja alichonga akitokea pale alipodaiwa. Hilo silioni katika kazi nyingi zinazotundikwa siku hizi zikiwa na kadi ukutani inayotaja roho, mizimu na mababu, maneno yanayotiwa humo kama hiliki kwenye chai. Siwalaumu wasanii wote. Njaa ipo, na wanunuzi hupenda kusikia maneno hayo. Na soko peke yake haliui maana. Wamakonde waliohamia Dar es Salaam walianza katika miaka ya 1950 kuchonga mashetani ya mpingo, na tangu siku ya kwanza waliwauzia wageni; lakini mashetani yale waliyajua tangu utotoni, walisimuliwa na mama zao, waliyaogopa msituni. Waliuza kilicho chao. Wahenga walisema kinyago ukichonga mwenyewe hakikutishi, nami naamini hata hivyo wale walibaki na woga kidogo, na woga huo ndio unaouona kwenye mti.

Elimo Njau, aliyechora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa la Murang'a mwaka 1959, akimpa sura ya Mwafrika na kumweka katika mashamba na vilima vya Kiafrika, aliwaonya wasanii wa nyumba yake ya sanaa Nairobi wasiige, kwa kuwa kuiga humlaza Mungu usingizi. Neno hilo limekaa nami tangu ujana. Nalisikia kila ninapoona kigango cha dukani.

Sasa kazi uliyopewa. Vigango vya bustani usichonge, hata kama utavibadilisha kichwa na kuvipaka rangi nyingine na kuviita vya kisasa. Ukoo wa Kigiriama wenye deni na mzee wao ukija kwako siku moja pamoja na wazee wa Gohu, hilo litakuwa jambo jingine. Wao ndio watakaokuambia mti gani, lini, na kwa utaratibu upi, nawe utaamua na dini yako kama unaweza kuushiriki. Mteja wako hana mamlaka hayo ya kukupa, hata akilipa mara kumi. Kama ameshakupa arbuni, mrudishie kwanza, kabla hamjaanza mazungumzo mapya, ili maneno yako yasionekane ya kupandisha bei.

Kisha muulize ni nani anayemkumbuka. Muulize kwa upole na umwache anyamaze akitaka. Watu wengi wanaoagiza kitu chenye roho wana mtu aliyewatoka, na hawajui namna ya kusema. Akiwa naye, mchongee nguzo moja. Tano ni safu ya mapambo, na moja ni mtu. Akikuambia hana, basi mtengenezee nguzo nzuri za bustani, nzuri kweli, na msiziite jina lolote. Kazi safi ya mkono ni halali na haihitaji kuvikwa kilemba cha wengine.

Umbo la hiyo nguzo unalo tayari, nami nashangaa hukulitaja, labda kwa kuwa umelizoea mno. Mfaa ni nguzo. Umekuwa ukiuchonga tangu ukiwa mtoto, umesimama katikati ya kila mlango aliouacha babu yako, na juu yake nyumba hufungwa usiku na kufunguliwa alfajiri. Utoe mlangoni, uusimamishe peke yake, uone kinachobaki pale mbao mbili zinapokosekana. Sijui mchongaji aliyewahi kuufanyia jambo hilo. Utachukua mbambakofi ukiupata kwa njia ya halali, au mwarobaini uliokauka vizuri, ambao mafundi wengi wa Malindi wameuzoea na ambao haumalizi misitu yetu. Wa kwanza usimpelekee mteja. Uchonge kwa ajili ya babu yako, kwa patasi zake, uuweke ndani ya karakana pale unapopita kila siku, wala usiuweke kaburini, ili ustadhi wako asipate la kusema. Kisha mwalike ustadhi aje autazame.

Na kabla ya hayo yote, nenda kwa jirani yako leo baada ya alasiri. Michoro iache nyumbani. Mwombe radhi kwanza, ukae, na akikupa nafasi umuulize kuhusu wazee wake.